Paa la Lori la Jeshi: Kutu Hukaa Mshononi

*Emali ni kukavu, na chuma kilichoachwa wazi hapa huishi miaka mingi. Mbona basi mapaa ya malori ya zamani ya kijeshi hutoboka? Na anayetaka kulibadilisha paa aanzie wapi?*

Lori la jeshi likistaafu halipewi pensheni. Hupigwa mnada, hupakwa rangi mpya juu ya ile ya kijani, kisha huingia barabarani kujitafutia riziki: kubeba mchanga, kubeba maji, kuwa karakana inayotembea au duka lenye magurudumu. Injini yake iliundwa kuvumilia shida. Chesisi yake ni nene, na magurudumu yote manne husukuma. Kinachotangulia kufa, hasa kwa lori lenye bodi ya boksi, ni paa.

Emali ni mahali pazuri pa kulitazama tatizo hili, kwa kuwa mji wenyewe umezaliwa na njia. Reli ya Uganda, iliyoanza kujengwa Mombasa mwaka wa 1896 na kufika Kisumu mwaka wa 1901, ilipita hapa. Ikafuata barabara kuu ya Nairobi–Mombasa, kisha SGR, reli ya kisasa ya mwaka wa 2017, ambayo nayo ina kituo chake hapa. Hapa ndipo barabara ya Loitokitok inapochepuka kuelekea Kimana na Amboseli, na hapa ndipo Makueni inapopakana na Kajiado, Mkamba na Mmaasai wakikutana sokoni kwa ng'ombe na mbuzi. Mji wa namna hii haukosi lori lililosimama, na penye lori lililosimama hapakosi fundi.

Maboksi haya yalitoka wapi

Ukambani na lori la jeshi wanajuana tangu zamani. Katika Vita vya Pili vya Dunia, Wakamba walikuwa miongoni mwa jamii zilizotoa askari wengi nchini, na wako waliojifunzia udereva na umakanika katika EAASC, kikosi cha uchukuzi cha jeshi la Afrika Mashariki. Vita vilipokwisha, baadhi ya waliorudi walitia pesa zao za kuagwa jeshini katika biashara ya uchukuzi.

Jina lililotawala malori ya Waingereza enzi hizo ni Bedford. Kampuni hiyo, tawi la Vauxhall lililokuwa chini ya General Motors, ilianza mwaka wa 1931 na iliunda karibu malori 250,000 kwa ajili ya vita. Mwaka wa 1953 ikatoa Bedford RL, lori refu la magurudumu yote, ambalo zaidi ya 70,000 yaliundwa kabla ya nafasi yake kuchukuliwa na Bedford MK. Nchini Kenya jina hilo halikubaki kambini. General Motors Kenya ilianza kuunganisha magari Nairobi mwaka wa 1977, na Bedford za kiraia zikabeba kila kitu, kuanzia kahawa hadi abiria. Kiwanda hicho leo ni Isuzu East Africa.

Boksi lilikuwa kazi maalumu. Jeshi lilihitaji vyumba vinavyotembea: ofisi ya mawasiliano ya redio, karakana ya REME (kikosi cha makanika wa jeshi la Uingereza kilichoundwa mwaka wa 1942) na ambulensi. Kampuni kama Marshall ya Cambridge ziliunda maboksi hayo kwa mbavu za chuma au mbao, zikavikwa karatasi za alumini au za chuma. Ndani palitiwa mbao nyembamba, na kati ya ngozi hizo mbili kitu cha kuzuia joto. Juu ya paa palitobolewa matundu ya hewa, mlango wa dharura, vishikio vya antena na reli za kufungia wavu wa kujificha. Kila tundu lilikuwa na kazi yake vitani. Lori likishastaafu, kila tundu ni mwaliko kwa maji.

Siku hizi magari yaliyokwisha muda wake serikalini huuzwa kwa zabuni au mnada wa hadhara chini ya Sheria ya Ununuzi na Uondoaji wa Mali ya Umma ya mwaka wa 2015. Mnunuzi hukagua injini, husikiliza gia, huchungulia matairi. Ni nadra kumwona akipanda ngazi kulitazama paa. Lakini breki za Bedford atazipata Kirinyaga Road, Nairobi, akizitafuta vizuri. Paa la boksi halina duka.

Hesabu isiyoingia akilini

Wataalamu wa kutu huyagawa mazingira kwa ukali wake, kwa kipimo cha kimataifa kiitwacho ISO 9223. Katika bara kavu lenye hewa safi, daraja linaloitwa C2, karatasi ya chuma isiyo na rangi hupoteza kati ya mikroni 1.3 na 25 katika mwaka wa kwanza, na baadaye kasi hupungua. Mikroni 1,000 ni milimita moja. Karatasi ya paa la boksi mara nyingi ina unene wa milimita 1.2, ambayo mafundi huiita geji 18. Hata tukichukua kiwango kikali kabisa cha daraja hilo, mikroni 25 kila mwaka bila kupungua, karatasi hiyo ingehitaji miaka 48 iishe kwa kuliwa upande mmoja. Na hapo haijapakwa rangi hata kidogo.

Pwani ni hadithi nyingine. Katika madaraja makali ya chumvi ya bahari, C4 na C5, chuma hupoteza mikroni 50 hadi 200 kwa mwaka. Kwa kiwango cha juu kabisa, karatasi ile ile haitimizi miaka saba. Ndiyo maana swali la kwanza la mnunuzi, kabla ya kuuliza kilomita, liwe hili: lori hili liliishi wapi? Lililokaa Nanyuki na lililokaa Mombasa ni vitu viwili, hata kama ni pacha wa kiwanda kimoja.

Lakini chukua lori lililoishi bara maisha yake yote na bado paa lake limetoboka. Hesabu inasema halikupaswa kutoboka. Basi hewa ya wazi si mkosaji. Ukipanda juu ukatazama, utaona kuwa katikati ya karatasi chuma bado ni kigumu na rangi imeshika. Matundu yamepangana pembeni, kwenye maungio, chini ya vishikio vya antena na kuzunguka vichwa vya riveti.

Kikulacho ki mshononi

Sababu ilielezwa karibu miaka 100 iliyopita na Ulick Evans, mwanasayansi wa Cambridge. Evans alichunguza tone la maji juu ya chuma, akaona jambo linalopingana na fikra za kawaida: chuma hakiliwi pale kilipopata hewa nyingi, bali pale hewa ilipopungua. Ukingoni mwa tone, penye oksijeni tele, chuma husalimika. Katikati, penye oksijeni kidogo, ndipo kinapoyeyuka. Sehemu hizo mbili huwa betri ndogo, na ile iliyonyimwa hewa ndiyo inayolipa.

Sasa fikiria karatasi mbili za paa zilizolaliana. Maji yakipenya katikati yake, hayana njia ya kutoka wala upepo wa kuyakausha. Hapo ni katikati ya tone la Evans, ila ni tone lenye urefu wa mita kadhaa. Kutu ikianza huvimba, kwa kuwa ujazo wake ni mara mbili hadi sita ya ule wa chuma kilicholiwa. Huzisukuma karatasi ziachane, hukata riveti, hupanua mlango, na maji mengine huingia. Rangi ya juu inaweza kung'aa mwaka mzima huku mshono ukiliwa chini yake.

Vumbi la Emali nalo husaidia uharibifu. Vumbi jekundu likitua juu ya paa hukusanyika pembeni na kwenye mikunjo, likanywa maji na kuyashika saa nyingi baada ya paa lingine lote kukauka. Kisha kuna umande. Mbingu za Ukambani wakati wa kiangazi huwa wazi usiku, na bati lililo chini ya mbingu wazi hupoteza joto haraka hadi likawa baridi kuliko hewa inayolizunguka. Unyevu wa hewa hutua juu yake na, kama boksi halina matundu ya hewa, hutua pia upande wa ndani. Dereva aliyelala ndani ya boksi usiku kucha, akipumua, huongeza maji yake mwenyewe. Asubuhi paa hutona ilhali mvua haijanyesha miezi mitatu.

Ikiwa karatasi ni ya alumini juu ya mbavu za chuma, kuna vita vya aina nyingine. Metali mbili tofauti zikigusana penye maji, moja humla mwenzake. Alumini ndiyo huwa chakula, ikageuka unga mweupe kuzunguka kila riveti. Wengi huona unga huo wakadhani ni chokaa au rangi iliyozeeka.

Kiraka na gharama yake

Mazungumzo ya kando ya barabara huenda hivi:

"Fundi, si uniwekee tu kiraka hapo?"

"Naweza, mzee. Lakini utarudi."

"Nirudi lini?"

"Mvua ikianza."

Fundi anayesema hivyo ni mwaminifu. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta, lakini kwa paa la boksi, kuziba ufa bila kujua maji yanatokea wapi ndiko kunakomjengesha mtu ukuta. Kiraka ni mshono mpya. Karatasi iliyopachikwa juu ya nyingine huongeza mita moja au mbili za mahali pa maji kujificha, na moto wa kuchomelea umeshaunguza rangi ya upande wa chini ambako brashi haifiki. Lami na silikoni hufanya vivyo hivyo: huziba pa kuingilia, zikaziba na pa kutokea.

Silikoni ya bei nafuu ina ubaya wa ziada. Ile inayonuka siki wakati wa kukauka hutoa asidi kweli, asidi ile ile ya siki, nayo hushambulia chuma na zinki iliyo chini yake. Inafaa kwa kioo na vigae vya bafu. Kwa bodi ya lori inatakiwa gundi ya poliurithani, ambayo mafundi wengi huiita Sikaflex hata ikiwa imetengenezwa na kampuni nyingine. Hiyo hushika na bado hunyumbulika.

Kanuni ya kuamua ni rahisi. Chukua bisibisi na nyundo ndogo. Gonga kila ubavu na kila mshono: chuma kizima hulia, kilicholiwa hutoa sauti ya karatasi. Kisha ingia ndani mchana, funga milango, utazame juu. Kama nuru inapenya sehemu moja au mbili, kiraka kizuri kinaweza kukupa muda. Kama inapenya mshono baada ya mshono, ng'oa paa lote.

Kuvua paa bila kuua boksi

Kosa kubwa hutokea hapa. Paa si kifuniko tu. Ndilo linaloshika kuta nne zikae kwenye pembe zake. Likiondolewa, boksi hupinda, na paa jipya likifungwa juu ya boksi lililopinda, milango haitafunga tena. Kwa hiyo lori huegeshwa penye usawa, hupimwa kwa futi kutoka pembe hadi pembe kimshazari, na vipimo viwili vya mshazari vikilingana, ndipo vyuma vya pembe hufungwa ndani kwa muda kukaza kuta. Baada ya hapo tu ndipo riveti zinaguswa.

Betri hutenganishwa kabla ya kuchomelea, maana umeme wa mashine unaweza kuua altaneta. Ndani hung'olewa mbao na sponji kwa upana wa kutosha. Maboksi mengi yameungua kwa cheche iliyoingia katikati ya ngozi mbili na kukaa kimya nusu saa. Ndoo ya mchanga na magunia yaliyolowa yawe karibu, na mtu abaki kulinda lori baada ya mashine kuzimwa.

Afya nayo ina sehemu yake. Rangi za zamani za kijeshi zinaweza kuwa na risasi, ile metali yenye sumu, na praima ya rangi ya manjano-kijani iliyo juu ya alumini kwa kawaida ni ya kromati, ambayo vumbi lake linahusishwa na saratani. Hapo grinda bila barakoa ya kuchuja vumbi ni kujitafutia ugonjwa. Kichwa cha riveti kitobolewe kwa drili yenye ncha pana kidogo kuliko mwili wake. Ni njia safi kuliko kusaga, na haiharibu ubavu. Ukikuta kizuia joto chenye nyuzi za kijivu zinazofanana na asbesto, simamisha kazi umwite anayejua.

Kuna pia imani ya maziwa. Mafundi wengi wanaochomelea bati lenye zinki hunywa maziwa kabla ya kazi. Moshi wa zinki huleta homa ya kutetemeka saa chache baadaye, na kwa kawaida huisha ndani ya siku moja au mbili. Maziwa ni chakula kizuri, lakini hayazuii homa hiyo. Kinachoizuia ni kusaga zinki mahali pa kuchomelea, kukaa upande unakotoka upepo, na kuvaa barakoa ifaayo.

Karatasi za zamani zisitupwe. Ziwekwe chini, zigeuzwe kuwa vipimo vya kukatia mpya. Kisha mbavu zikaguliwe moja moja. Ubavu ulioliwa nusu ubadilishwe wote. Uliosalimika usuguliwe kwa brashi ya waya na msasa hadi ung'ae, upakwe dawa ya asidi ya fosforasi mahali kutu ilipoingia kwenye vishimo, kisha praima mara mbili. Kazi ya mbavu haionekani lori likishakamilika, ndiyo sababu huwa ya kwanza kuibwa muda.

Bati gani?

Bati tunalolijua lilianza London mwaka wa 1829, Henry Robinson Palmer aliposajili wazo la kukunja chuma chembamba kiwe na migongo ili kipate nguvu. Mfaransa Stanislas Sorel akasajili kuzamisha chuma katika zinki mwaka wa 1837. Mawazo hayo mawili ndiyo yanayofunika nyumba nyingi za Makueni leo, na si ajabu mwenye lori akitamani kulipeleka bati la nyumba juu ya lori.

Bati la nyumba la geji 30 lina unene wa milimita 0.3 hivi. Nyumba haitembei, kwa hiyo unene huo unatosha. Juu ya lori, mtetemo wa barabara ya mawe hulichana bati hilo kuanzia kwenye tundu la msumari. Kwa hiyo uchaguzi wa kweli uko kati ya karatasi ya chuma yenye zinki ya milimita 1.2 na alumini ya milimita 2.

Chukua boksi la urefu wa mita 4.2 na upana wa mita 2.3. Paa la chuma hicho litakuwa na uzito wa kilo 90 hivi, la alumini kilo 52. Tofauti hiyo iko juu kabisa ya gari, mahali uzito unapoliyumbisha kwenye kona na makorongo. Alumini haipati kutu nyekundu. Lakini ni ghali, haichomelewi na kila fundi, na lazima itenganishwe na mbavu za chuma kwa utepe wa mpira au gundi, tena riveti zake ziwe za alumini. Chuma chenye zinki kinapatikana, kinachomeleka, na mafundi wa Emali wanakijua. Kwa lori la kazi, chuma kilichofungwa vizuri kitaishi kuliko alumini iliyofungwa ovyo.

Somo kutoka paa la nyumba

Ukambani inajua maji ya paa kuliko sehemu nyingi. Milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ni lita moja, na mwenye tangi nyumbani hahitaji kufundishwa hesabu hiyo. Mvua ya milimita 30 jioni moja humwaga takriban lita 290 juu ya boksi letu la mfano. Nyumbani lita hizo hutakiwa zifike kwenye tangi. Kwenye lori hutakiwa ziondoke upesi, na kanuni za kuziongoza ni zile zile: mteremko, kulaliana kwa karatasi, na mahali pa kutokea.

Fundi wa lori husahau mteremko kwa kuwa boksi linaonekana bapa. Paa lililo bapa kabisa huzama katikati, likawa bwawa. Mbavu zikipindwa kidogo ili katikati iinuke sentimita tatu hadi tano kuliko pembeni, hakuna maji yatakayokaa. Inatosha kunyoosha uzi kutoka ukuta hadi ukuta na kupima.

Karatasi nazo zilazwe kwa akili. Zikilazwa kukingama upana, karatasi ya mbele ndiyo iikalie ya nyuma, kwa sababu lori likienda kilomita 80 kwa saa kwenye mvua, upepo husukuma maji yarudi nyuma, na mshono uliogeuzwa huyapokea kwa mdomo wazi. Njia bora zaidi, kama duka linaweza kukata karatasi ya mita 4.2 kutoka kwenye roli, ni kulaza karatasi mbili tu kwa urefu, mshono wake ukae kwenye mgongo wa paa, ya juu ikivuka mgongo kidogo. Hapo maji huuacha mshono badala ya kuufuata.

Mshono wenyewe uwe na sentimita tano za kulaliana, praima pande zote mbili kabla ya kukutana, mstari usiokatika wa gundi, na riveti za milimita 4.8 zenye mkia uliofungwa kila sentimita sita. Riveti ya kawaida ina tundu katikati, na tundu hilo hupitisha maji.

Ile milango ya dharura na matundu ya antena ambayo huna kazi nayo, usiyarudishe. Paa jipya ni nafasi ya kuyasahau yote isipokuwa tundu moja au mawili ya hewa, yaliyoinuliwa juu ya paa na kufunikwa.

Jua nalo lina hesabu yake

Bati la Emali alfajiri na bati hilo hilo saa nane mchana huweza kutofautiana nyuzijoto 40. Kwa urefu wa mita 4.2, chuma hurefuka milimita mbili, alumini karibu nne. Ukifunga karatasi baridi alfajiri, mchana itavimba na kupiga tumbo, kisha itapiga kelele kila wingu likipita. Ukifunga ikiwa moto kabisa, usiku itavuta riveti. Kati ya saa tatu na saa tano asubuhi ni wakati mzuri, na riveti zianzie katikati zikielekea pembeni ili karatasi ijinyooshe.

Rangi ya mwisho juu ya paa iwe nyeupe. Kuta zinaweza kuwa za rangi yoyote anayopenda mwenyewe, lakini paa la kijani iliyoiva hunywa jua. Land Rover walilielewa jambo hili mapema: magari yao ya nchi za joto yaliwekewa paa la pili juu ya la kwanza, na nafasi ya hewa katikati. Anayekusudia kulala ndani ya boksi anaweza kuiga hilo kwa karatasi nyepesi iliyoinuliwa sentimita chache, na hapo bati la geji nyembamba hatimaye litapata kazi inayolifaa, kwa kuwa halibebi chochote ila kivuli.

Ndani, sponji ya kuzuia joto isibanwe moja kwa moja kwenye chuma mahali unyevu unaweza kunaswa. Chini ya kila ukingo wa paa paachwe vitundu vidogo vya kutoa maji. Fundi mgeni wa kazi hii ataviziba akidhani ni kasoro.

Kabla ya vuli

Mvua za Oktoba hadi Desemba ndizo zinazotegemewa zaidi Ukambani, kwa hiyo Agosti na Septemba ndiyo miezi ya kazi hii. Januari na Februari hufaa pia. Paa likikamilika, lipigwe maji kwa mpira dakika 20 kila upande, mtu akiwa ndani na tochi. Kisha lori liende barabara mbaya, lirudi, lipigwe maji tena. Mshono usiovuja lori likiwa limesimama unaweza kuvuja baada ya chesisi kujikunja kwenye makorongo. Malori ya kijeshi ya magurudumu yote yalikusudiwa kujikunja hivyo, na ndiyo maana vikalio vya boksi, viwe vya springi au vya mpira, lazima vikaguliwe pamoja na paa. Vikiwa vimeganda, paa jipya litapasuka mahali lilipopasuka la zamani.

Kwa upande wa sheria, kubadilisha karatasi za paa kwa umbo lile lile ni matengenezo ya kawaida. Kuliinua boksi au kugeuza aina ya bodi ni jambo la kupelekwa NTSA, mamlaka ya usalama barabarani, kwanza, na lori la biashara hata hivyo hukaguliwa kila mwaka.

Linabaki suala la bei, ambalo huwagombanisha wengi kwa sababu hukadiriwa kwa idadi ya karatasi. Boksi letu la mfano likiezekwa kwa karatasi nne za futi nane kwa nne, litakuwa na mita 13 za ukingo na karibu mita saba za kulaliana: mita 20 za mshono na riveti zaidi ya 300. Likiezekwa kwa karatasi mbili ndefu, mshono hushuka hadi mita 17. Mapatano mazuri basi yahesabu mita za mshono, aina ya gundi na praima ya pande zote mbili, na yaandikwe kwenye karatasi. Mwenye lori alipe kwa hatua: sehemu mbavu zikishapakwa praima naye ameziona kwa macho yake, sehemu paa likishafungwa, na sehemu ya mwisho baada ya jaribio la pili la maji. Fundi anayejua kazi yake hatalikataa sharti hilo, kwa kuwa linamlipa kwa ile sehemu ya kazi ambayo wateja wengi hawaioni wala hawataki kuigharamia.